Naomba ushauri: seli za saratani ya thairoidi zinahama hata bila EGF

Wakuu, habari za kazi. Nipo maabara hapa Dar. Napima kama seli zinapenya utando kuifuata EGF (protini inayochochea seli kukua na kuhama). Natumia seli za TPC-1 (aina ya seli za saratani ya thairoidi za maabara), vikombe vya utando wenye matundu ya maikromita 8, seli 50,000 juu, EGF nanogramu 20 kwa mililita chini, saa 24. Tatizo: kikombe kisicho na EGF kinavusha seli karibu sawa na chenye nayo.

Nimezinyima seramu usiku kucha, nimebadilisha EGF (ya kwanza iliyeyuka na kuganda tena umeme ulipokatika, siiamini). Bado. TPC-1 zina RET/PTC1 (jeni mbili zilizoungana kimakosa) inayowasha MAPK (njia ya ishara za ukuaji ndani ya seli) muda wote, kwa hiyo nashuku EGF haina cha kuongeza.

Je, nishuke hadi saa 8 ili kuzaliana kusihesabiwe kama kuhama? Na nikiweka EGF juu na chini, itatosha kutenganisha seli zinazoifuata na zinazochangamka tu bila mwelekeo?