Samaki mdogo mweusi mwenye doa jeupe ndani ya anemoni, Ghuba ya Chole

Swali
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kumtambua samaki. Katika Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, maji yakiwa yamejaa na kutulia, niliona kundi la samaki weusi tii, wadogo kama ukucha wa kidole gumba, wakiingia na kutoka katika minyiriri ya anemoni (mnyama laini wa baharini anayeshikamana na mwamba) pamoja na samaki wengine wa kahawia wenye mapezi ya rangi ya chungwa na mistari miwili myeupe. Kila mweusi alikuwa na doa jeupe ubavuni, na mmoja aliponigeukia niliona doa jingine kwenye paji la uso. Je, hao ni watoto wa wale wenye mistari?

Jibu la kwanza
Hapana, ingawa wote ni wa familia ya Pomacentridae. Doa la pajini linatosha kumtambulisha: huyo ni Dascyllus trimaculatus, tena mchanga. Ana madoa matatu, moja kila ubavu na moja pajini, lakini ukimtazama kwa upande huoni yote, na ndiyo sababu picha nyingi humpotosha mtazamaji. Akikua huweza kuzidi sentimita 10. Doa la pajini hutoweka, ya ubavuni hufifia, weusi huelekea ukijivu, naye huiacha anemoni na kuogelea juu ya mwamba akila vijidudu vinavyoletwa na mkondo. Wenye mistari, ikiwa mkia wao ni mweupe, ni Amphiprion allardi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambao hata wakiwa wakubwa hawakai mbali na anemoni.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila tusimsahau Dascyllus carneus, ambaye pia ana doa jeupe ubavuni na yumo katika maji haya haya. Mkia wake ni mweupe, na makazi yake ni matumbawe yenye matawi. Hata hivyo makazi peke yake hayatoshi kuamua, kwa sababu trimaculatus wachanga nao wakati mwingine hujificha katika matawi hayo.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Mkia ulikuwa mweusi wote, na matumbawe ya matawi hayakuwa karibu.

Jibu la pili
Basi ni trimaculatus bila shaka. Ukirudi, tafadhali tazama na rangi ya anemoni yenyewe bila kuigusa: ikiwa imepauka, mwani unaoishi ndani yake umepotea, kama ulivyopotea kwenye matumbawe ya pwani yetu maji yalipopata joto kali mwaka 1998, na samaki hao wachanga watakuwa hatarini kukosa maficho.