Magugu yamezidi nyasi changa za Boma Rhodes, Gilgil

Mfugaji, Gilgil: Ndugu zangu, nilipanda nyasi za malisho za Boma Rhodes ekari 2 masika yalipoanza, lakini sasa magugu ya majani mapana yamenifika magotini, huku nyasi zenyewe zikiwa na majani matatu tu. Je, ninyunyize dawa?

Jirani, Rongai: Subiri kidogo. Dawa ya 2,4-D huua majani mapana na kuacha nyasi, ila miche michanga mno huweza kudhurika. Ngoja itoe machipukizi ya pembeni, na kwa sasa fyeka magugu juu ya vichwa vya nyasi kabla hayajatoa mbegu.

Mama wa Njoro: Sangari, gugu jingine la mashambani, haisikii dawa hiyo, kwa kuwa nayo ni nyasi. Mimi niling'oa yangu kwa jembe la uma, nikaianika juani hadi ikakauka kabisa. Ng'ombe nao wasubiri, maana wataing'oa miche pamoja na mizizi.