Ushauri: Mteja wangu huingia dukani na bastola kiunoni, niweke tangazo la kukataza?

Mpemba_wa_Houston:
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tuna duka dogo la vyakula vya nyumbani hapa Houston, Texas. Tunauza unga wa sembe, dagaa, sombe kwa ajili ya Wakongo, na pembeni kuna meza chache za chai na maandazi.

Kuna mzee mmoja Mmarekani, jirani, amezoea chapati zetu. Mstaarabu sana, anasalimia kila mtu. Ila huja na bastola kiunoni, inaonekana wazi. Hajawahi hata kuigusa, na sheria iko upande wake: tangu 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye hajazuiwa kumiliki bastola anaruhusiwa kuibeba Texas bila leseni. Ikionekana, lazima iwe kwenye ala yake.

Jumamosi mama mmoja wa Kikongo aliingia na watoto wake. Alipoiona ile bastola akaacha kikapu sakafuni, akawashika watoto mkono, akatoka. Hajarudi. Nikimkataza mzee namvunjia heshima mtu ambaye hajanikosea kitu. Nikinyamaza nawapoteza watu ambao duka hili lilifunguliwa kwa ajili yao. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Kipanga_Dallas:
Mkuu, mimi ninabeba, na leseni ninayo. Naiamini haki hii na nitaitetea. Lakini yangu hukaa chini ya shati, na sababu si aibu. Jambazi akiingia, mwenye bastola inayoonekana ndiye wa kwanza kupigwa risasi. Kwenye foleni mtu anaweza kuichomoa kiunoni kwa nyuma. Na sitaki mtoto wa mtu aniogope nikiwa nanunua maziwa. Mzee wako akielezwa hivyo na mtu anayemheshimu, nadhani atakuelewa.

Sheria_Mkononi:
Tutenganishe mambo mawili. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yale ya haki ya kumiliki na kubeba silaha, yanamlinda mzee dhidi ya serikali. Hayamlazimishi mwenye duka kumpokea na silaha yake. Duka ni lako na haki ya kukataza ni yako.

Texas imekuwekea utaratibu ndani ya Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 30.07 ni cha wenye leseni wanaobeba waziwazi, 30.06 ni cha wenye leseni wanaoficha, na 30.05 unaweza kukitumia kwa wasio na leseni. Kwa hiyo mtu kama Kipanga unaweza kumwachia aingie na bado ukakataza silaha za kuonekana. Tangazo la 30.07 lina maneno yake maalumu, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja, rangi inayotofautiana na ubao, na likae kila mlango wa kuingilia. Karatasi ya kuandika kwa kalamu haitoshi.

Ila kumwambia mtu kwa mdomo kunatosha kisheria. Anayepuuza tangazo anakabiliwa na faini isiyozidi dola 200. Anayeambiwa ana kwa ana akakataa kutoka, kosa lake linakuwa kubwa zaidi na anaweza kufungwa. Kwa hiyo maneno yako yana uzito, yachague vizuri.

Fundi_Juma:
Tangazo la nini? Unawatangazia wezi kwamba humo ndani hakuna mwenye silaha. Mwache mzee, ni ulinzi wa bure.

Binti_Uvira:
Kaka Juma, mimi ninatoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Kwetu mtu akiingia dukani na silaha hakuja kununua. Mwili wangu ulijifunza hivyo nikiwa mtoto, na kuishi Marekani hakujaufundisha upya. Huyo mama hakumhukumu mzee. Hata sura yake sidhani aliiona. Aliona bastola akatafuta mlango. Mpemba, kama unajua anapoishi, mke wako ampelekee kile kikapu. Asipigiwe simu, aendewe.

Mkaa_El_Paso:
Fundi, ulinzi wa bure unategemea watu wote kujua nani mwema, na dukani hakuna anayejua. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu aliingia na bunduki kwenye duka la Walmart hapa kwetu El Paso. Watu 23 walipoteza maisha. Siku tano baadaye, Springfield, Missouri, kijana mwingine aliingia Walmart na bunduki na fulana ya kuzuia risasi, eti kupima kama haki yake itaheshimiwa. Hakufyatua hata risasi moja. Lakini meneja alibonyeza king'ora cha moto watu wakakimbia, na mzimamoto mmoja ambaye hakuwa kazini akamwelekezea bastola yake mpaka polisi walipofika. Hebu fikiria angejikuna tu.

Mwezi uliofuata Walmart waliwaomba wateja wasibebe silaha waziwazi hata pale sheria inaporuhusu. Starbucks, wale wa migahawa ya kahawa, walikwisha kuomba hivyo mwaka 2013. Waliomba, hawakupiga marufuku, na nadhani walifanya hivyo ili mfanyakazi wa kaunta asilazimike kugombana na mtu mwenye silaha. Na wewe usimtume kijana wako wa kaunta, nenda mwenyewe.

Sheria_Mkononi:
Nyongeza kwa vijana wanaosoma hapa: wenye viza za muda, mfano za masomo, sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza kabisa kumiliki silaha, isipokuwa hali chache. Msidanganywe na uhuru wa Texas.

Mpemba_wa_Houston:
Nashukuru sana wakuu. Nimeongea na mke wangu. Kesho asubuhi anakwenda na kikapu kwa yule mama. Mzee huja kabla wateja hawajajaa, nitaketi naye kwa chai nimweleze habari ya Wakongo wetu, nimwombe aiache nyumbani au aifunike. Akikubali sitaweka tangazo kwa sasa.

Binti_Uvira:
Na wakija wengine wasiokunywa chai na wewe?

Mpemba_wa_Houston:
Umenishika hapo dada. Basi naagiza la 30.07 na la 30.05 kwa wasio na leseni, milango yote miwili, ila mzee nitamwambia kwanza kabla hajayasoma ukutani.