Spectrum 48K inajiona ni 16K: ning'oe chipu zote nane?

kipepeo48:

Wakuu habari zenu. Nina ZX Spectrum 48K, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, ile ya vibonye vya mpira. Inawaka, maandishi ya 1982 yanatokea chini ya skrini, picha imetulia na kibodi inaitika. Tatizo ni programu. Za 16K zinapanda kutoka kwenye kaseti bila shida, lakini nyingi za 48K zinagoma mwanzoni kabisa na ujumbe "M RAMTOP no good". Nimeandika hivi, kuiuliza anwani ya mwisho ya RAM (memori) inayoiona:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Jibu ni 32767. Nimesoma kwamba mashine nzima inatoa 65535, kwa hiyo yangu imepoteza kilobaiti 32 zote za juu. Nimefungua. Chipu nane za RAM ya juu zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, hakuna soketi hata moja.

Ushauri niliopata hadi sasa unapingana. Kuna aliyesema ning'oe zote nane, kuna aliyesema nitupe ukale niweke bodi ndogo ya kisasa. Na mimi nina tamaa yangu: kwa kuwa nimeshafungua, siwezi kupandisha hadi 128K humo humo?

lojiki_tupu:

Ng'oa zote, mkuu. Hizo chipu zina miaka zaidi ya 40. Leo imekufa moja, kesho itafuata jirani yake. Tafuta chipu za RAM aina ya 4164, nane, weka soketi nane, usahau. Mimi yangu nilifanya hivyo na inasoma 65535 safi.

BiPini16:

Kipepeo, weka chuma cha kulehemu chini kwanza. Chipu nane zenye miguu 16 ni mashimo 128 ya kufyonza risasi ya kulehemu, kwenye bodi ambayo njia zake za shaba ni nyembamba na zimezeeka. Mashine nyingi za aina hii ninazoletewa hazikuuawa na chipu. Ziliuawa na mtu aliyekuja kuziponya, akang'oa pedi (viduara vya shaba vinavyoshika miguu) za chipu saba nzima akitafuta moja iliyooza.

Anza na umeme. RAM ya chini (kilobaiti 16 za kwanza), IC6 hadi IC13, ni chipu aina ya 4116, na 4116 inakula volti tatu tofauti: -5 kwenye mguu wa 1, +12 kwenye mguu wa 8, +5 kwenye mguu wa 9. Mguu wa 16 ni ethi. Hizo +12 na -5 zinatengenezwa humo humo na koili pamoja na transista TR4 na TR5. Ikipotea -5 huku +12 ipo, 4116 zinaungua, na hapo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Pima zote tatu uniandikie. Usichomoe wala kuchomeka kitu chochote nyuma ya mashine ikiwa inawaka, maana TR4 nyingi zimekufa hivyo.

Halafu ufurahie bahati yako. RAM ya chini ingekuwa mbovu usingeona hata hayo maandishi, ungeona mistari ya wima au takataka, kwa sababu skrini yenyewe inaishi humo kuanzia anwani 16384. Wewe mashine inawaka na BASIC inafanya kazi. Basi iulize yenyewe nani mgonjwa (POKE inaandika namba kwenye anwani, PEEK inaisoma):

POKE 32768,0: PRINT PEEK 32768

Rudia ukiweka 85, kisha 170, kisha 255. Fanya hivyo pia kwenye 40000 na 60000. Kila chipu kati ya hizo nane imeshika biti moja tu ya kila baiti: IC15 ina biti 0, IC16 biti 1, unakwenda hivyo hadi IC22 yenye biti 7. Tofauti kati ya ulichoandika na ulichosoma ndiyo jina la chipu.

Ukisoma 255 kila mahali chochote utakachoandika, basi usizilaumu chipu za memori. Nane hazifi kwa pamoja siku moja. Hapo nitakutuma kwenye IC23 na IC24, na zile 74LS157 mbili, IC25 na IC26, zinazogawa anwani za RAM ya juu.

kipepeo48:

Shikamoo Bi Pini. Umeme: -5.0, 12.1, 5.0. Majibu ya POKE kwenye 32768:

0 → 64
85 → 85
170 → 234
255 → 255

Kwenye 40000 na 60000 ni yale yale.

BiPini16:

Marahaba mwanangu. Umeme mzuri kabisa.

Soma mwenyewe: 0 imekuwa 64, 170 imekuwa 234, yaani imeongezeka 64. 85 na 255 hazikubadilika kwa sababu zina 64 ndani yake tayari. Biti 6 imeganda kwenye 1 katika RAM yote ya juu. Hiyo ni IC21. Na si njia ya D6 (waya wa data wa biti 6) yenye shoti, kwa sababu ingekuwa hivyo hata ROM (memori ya kudumu yenye BASIC) isingesomeka na usingepata pa kuandikia PEEK.

Kwa hiyo chipu moja. Usiinyanyue nzima nzima. Kata miguu yote 16 kwa kikoleo kidogo karibu na mwili wa chipu, tupa mwili, kisha pasha mguu mmoja mmoja na kuutoa kwa kibano. Chipu imeshakufa, huna haja ya kuihurumia. Pedi ndizo za kuhurumiwa. Ukishafyonza mashimo weka soketi, safi ile ya matundu ya duara.

Sasa kabla hujatafuta mbadala, soma maandishi mgongoni mwa zile saba nzima. Naamini utakuta TMS4532 au MSM3732. Hizi zina kisa kizuri. Ni chipu za kilobiti 64 zilizotoka kiwandani nusu moja ikiwa mbovu, zikauzwa kama za kilobiti 32. Sinclair akazichukua, na ndiyo siri mojawapo ya 48K kuuzwa kwa bei ya chini. TMS4532 inayoishia na L3 nusu yake nzima ni moja, inayoishia na L4 ni nyingine. MSM3732 wanaandika L au H. Bodi ina viunganishi vya waya vya kuieleza ni kampuni gani na nusu ipi, na chipu zote nane lazima zikubaliane. Ukiweka L4 moja katikati ya L3 saba, umejitengenezea ugonjwa mpya.

Njia rahisi ni 4164 nzima. Hiyo ina nusu zote mbili, itakaa na wenzake wowote na viunganishi huvigusi. Angalia jambo moja kwenye karatasi ya maelezo yake: iwe inaridhika kuburudishwa (kuandikwa upya ili isisahau) safu 128. Ziko 4164 zinazotaka safu 256, na rejista R ya Z80, prosesa ya mashine, inahesabu kwa biti 7 tu, yaani 128 basi. Kasi isikusumbue, nanosekunde 150 au 200 zote zinafaa.

Lojiki, mwanangu, sikugombezi. Ila chipu nzima haing'olewi kwa sababu ya umri.

kasha_kahawia:

Naomba kuchangia kwa upande wa Commodore 64 (C64), kompyuta nyingine ya enzi hizo. Kule, kwenye bodi za mwanzo, RAM ni 4164 nane toka kiwandani, volti 5 peke yake, hakuna mambo ya +12 wala -5 kwenye memori. Muuaji wa kule ni adapta ya asili. Kidhibiti chake cha volti 5 kikizeeka kinaachia volti nyingi kuliko inavyotakiwa, na RAM ndiyo inayotangulia kufa. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka C64 iliyokaa miaka kabatini, pima adapta yake kwanza. Chipu ya RAM yenye shoti mara nyingi utaijua kwa kidole: wenzake vuguvugu, yenyewe haishikiki.

Hilo la 128K nami nalisubiri kwa hamu.

BiPini16:

Hilo la kidole ni kweli, hata kwenye Spectrum.

Sasa 128K. Z80 ina njia 16 za anwani, yaani anwani 65536. Spectrum yako: ROM kilobaiti 16, RAM 48, jumla 64. Nyumba imejaa. Ukijaza chipu kubwa zaidi, prosesa haina namba ya kuziitia. Mashine za biti 8 zilizovuka 64K zilifanya hila, na ya kawaida ni kubadilisha kurasa. Spectrum 128 inabadilisha kilobaiti 16 za juu kabisa, kuanzia 49152, kwa kuandika kwenye mlango (port) 7FFD. Commodore wao kwenye C64 walitoa kasha la nje, 1764, lenye kilobaiti 256, ambalo prosesa hailioni moja kwa moja: data inahamishwa kuja na kurudi kwa DMA, yaani bila kupitia prosesa.

Ukiweka 4164 nane, nusu ya juu ya kila chipu inakaa bure, na wapo walioifungulia kwa kuifanya ile waya ya kuchagua nusu iendeshwe na mlango wa programu. Unapata 80K. Ni kazi ya kufurahisha, lakini michezo ya 128 haitaitambua, maana inatafuta 7FFD na kurasa za 16K, si nusu ya 32K. Mtu anayetaka 128K anunue bodi ya nje ya kuchomeka nyuma, au atafute mashine ya 128.

Na ile bodi ndogo ya kisasa ya kuchukua nafasi ya 4116? Siipingi. Ni SRAM (RAM isiyohitaji kuburudishwa), inakula volti 5 tu, haichemki. Ningeiweka siku ambayo RAM ya chini imekufa vibaya. Ila usije ukang'oa koili na TR4 ukidhani hazina kazi tena: +12 bado inalisha LM1889, chipu ya rangi, na bila hiyo hupati rangi.

kipepeo48:

Imekaa! Saba nzima ni TMS4532 L3, nimeweka 4164 kwenye IC21 tu. 65535. Programu ya kwanza ya 48K imepanda. Asante sana Bi.

BiPini16:

Hongera, lakini usiiamini hiyo 65535 sana. Inapowashwa, ROM inajaza kila anwani na 2, inapunguza 1, inapunguza 1 tena, ikiona sifuri inaridhika. Maana yake biti 2 hadi 7 zikiganda kwenye 0, haijui. Inakupa 65535 huku chipu imekufa. Andika CLEAR 32767 kwanza, kisha:

10 FOR a=32768 TO 65535 STEP 97
20 POKE a,0: LET x=PEEK a: POKE a,255: LET y=PEEK a
30 IF x<>0 OR y<>255 THEN PRINT a,x,y
40 NEXT a

kipepeo48:

Imefika mwisho, haikuchapisha kitu.

lojiki_tupu:

Nimeijaribu kwenye yangu ile yenye soketi nane. Kila mstari: x ni 0, y ni 247. Chipu ni mpya zote!

BiPini16:

255 toa 247 ni 8. Biti 3, IC18. Badilishana IC18 na jirani yake. Kosa likihama naye, chipu mpya ni mbovu. Likibaki kwenye IC18, zima mashine, weka mita kwenye mlio, pima mguu wa 2 na wa 14 wa soketi hiyo hadi mguu wa 8 wa Z80, ambao ni D3. Usipolia, pedi ilitoka na ile chipu ya zamani. Utahitaji waya mwembamba chini ya bodi.