Jalada "liko kwa Mwanasheria wa Serikali": huko linafanyiwa nini?

Mwalimu wa Malezi

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule moja ya msingi, na naomba kueleweshwa jambo ambalo wazazi wananiuliza nami sina jibu la uhakika. Mwanafunzi wetu wa darasa la nne alieleza kwamba amebakwa na ndugu wa karibu wa familia. Taarifa ilifika Dawati la Jinsia na Watoto siku hiyohiyo, mtoto akapewa PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima), akapimwa hospitali, na mtuhumiwa akakamatwa. Tangu hapo, kila mama yake anapofika kituoni anajibiwa kwamba jalada liko kwa Mwanasheria wa Serikali; alipokwenda ofisi ya mashtaka ya mkoa, akaambiwa limerudishwa polisi likiwa na maelekezo. Sasa mtoto ameitwa aandikwe maelezo kwa mara nyingine.

Ninachouliza ni hiki: ofisi ya mashtaka inapeleleza yenyewe, au inasoma tu kilicholetwa na polisi? Kwa nini jalada linarudi? Na sisi walimu tufanye nini bila kuiharibu kesi? Naomba tusikisie shule wala wilaya, kwa sababu mtaa wetu ni mdogo na mtoto anafahamika.

Wakili wa Mikoani

Mwalimu, pole kwa mzigo huo. Kuripoti siku ileile kuna uzito kuliko unavyodhani, kwa kuwa Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwa miaka mingi kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi kuliko anayemtaja baada ya siku kupita bila sababu.

Kuhusu swali lako la kwanza, ofisi ya mashtaka haina askari wake wa kwenda eneo la tukio. Upelelezi ni kazi ya Jeshi la Polisi, na kwa makosa ya aina nyingine ni kazi ya vyombo kama TAKUKURU au mamlaka ya dawa za kulevya. Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa Ibara ya 59B ya Katiba ya Tanzania, ndiye mwenye uwezo wa kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka ya jinai, na sheria ya mwaka 2008 inayoongoza huduma ya mashtaka inampa pia jukumu la kuratibu upelelezi, ndiyo maana mawakili wa Serikali walioko mikoani na wilayani wanaweza kumwelekeza mpelelezi nini kikamilishwe. Zamani askari polisi ndiye aliyekamata, akapeleleza, kisha akasimama kuendesha mashtaka katika mahakama ya wilaya. Utaratibu huo umeondolewa kidogo kidogo, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikatenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hivyo jalada linapofika kwa wakili wa Serikali, linasomwa na mtu ambaye hakumkamata mtuhumiwa na ambaye kesho atapaswa kuithibitisha kesi hiyo mbele ya hakimu.

Anatafuta nini? Katika kosa la kumbaka mtoto, ridhaa haina nafasi, kwa hiyo mambo yanabaki matatu: umri wa mtoto, kitendo chenyewe kutokea, na kwamba aliyekifanya ni huyu na si mwingine. Watu hulipuuza hilo la umri. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuwa na miaka tisa au kumi na moja. Kwa aliye chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha. Akizidi hapo, adhabu ya chini ni miaka 30. Jalada lenye daktari aliyeandika miaka 9, mama aliyesema miaka 10, na rejista ya shule inayosema miaka 11, wakili makini atalirudisha asubuhi hiyohiyo. Umri unaweza kuthibitishwa na mzazi, ndugu, daktari, mtoto mwenyewe, au kwa cheti cha kuzaliwa, lakini lazima mtu ausemee mahakamani.

Tarehe nayo ni chanzo cha maumivu mengi. Hati ya mashtaka ikisema tukio lilitokea tarehe 3 na mtoto akasema lilikuwa Jumapili ambayo kwenye kalenda ni tarehe 5, wakili wa utetezi hatahitaji hoja nyingine. Nimeona wafungwa wakiachiwa kwenye rufaa kwa tofauti za namna hiyo, na mara nyingine kwa sababu PF3 ilipokelewa kama kielelezo lakini haikusomwa kwa sauti mahakamani, ikaondolewa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo maelekezo yale, hata yanapochosha, mara nyingi yanamkinga mtoto asije akashinda mahakama ya wilaya na kushindwa Mahakama ya Rufani.

Mpelelezi Mstaafu

Wakili ameeleza vizuri, ila ameitetea ofisi yake ya zamani kupita kiasi. Nimefanya upelelezi muda mrefu, na tatizo langu halikuwa kupewa maelekezo, bali kupewa kwa vipande. Leo jalada linarudi kwa ajili ya ramani ya eneo la tukio, unachora, unalipeleka, linarudi tena kwa ajili ya maelezo ya daktari, jambo ambalo lingeweza kuandikwa kwenye karatasi ileile ya kwanza. Katika kesi za nyara za Serikali, kama meno ya tembo, au dawa za kulevya, wakili hupigiwa simu mapema, wakati mwingine kabla mzigo haujapimwa, akasema vielelezo vifungwe namna gani na nani asaini hati ya makabidhiano. Kesi za watoto, ambazo ushahidi wake hupotea kwa siku mbili tatu, ndizo zinazosubiri jalada likamilike ndipo lionwe na mwanasheria. Kwa maoni yangu huo ni mpangilio uliopinduka: nguo za mtoto huwa zimekwisha kufuliwa, na sampuli iliyopaswa kufungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali haikuchukuliwa kabisa.

Niongeze kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2022 makosa mengi hayapaswi kufikishwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Nia ni njema, kwani watu walikuwa wakikaa mahabusu wakisikia "upelelezi haujakamilika" kila tarehe. Lakini mama wa mtoto anapaswa kujua kwamba ukimya anaouona si lazima uwe na maana ya kesi kufutwa. Aende na namba ya jalada, amwone mkuu wa upelelezi wa wilaya, aulize maelekezo yalitolewa lini na lipi bado halijatekelezwa. Swali la namna hiyo ni gumu kulikwepa.

Afisa Ustawi

Mwalimu, mimi nimeshtushwa na huko kuitwa tena. Kama kuna jambo lililosahaulika, mtoto anaweza kuandika maelezo ya nyongeza, yenye swali hilo tu, mbele ya mtu anayemwamini na askari wa dawati aliyefunzwa. Kumsimulisha yote upya ni kumwumiza, na kisheria ni hatari, kwa kuwa maelezo mawili yakipishana hata kwa jambo dogo, utetezi utayasoma yote mawili mbele yake. Ombeni afisa ustawi wa jamii awepo, na mama aulize mapema kama kinachotakiwa ni nyongeza.

Kwa upande wa shule, msimhoji. Aliyemsikiliza mara ya kwanza aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, atie tarehe na saa, kisha aishie hapo. Huyo anaweza kuitwa kuwa shahidi. Msimfundishe la kusema. Tangu mwaka 2016 mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo, na katika makosa haya mahakama inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wake pekee ikiridhika kwamba ni wa kweli. Ushahidi wake utapokewa faraghani, hivyo mwondoleeni hofu ya kutazamwa na umati.

Ninachokiogopa zaidi ya jalada kuchelewa ni ukoo. Mtuhumiwa ni ndugu. Muda ukipita, wazee watakaa, mtoto atapelekwa kwa bibi mkoa mwingine, na siku ya kesi shahidi hayupo.

Mwalimu wa Malezi

Nawashukuru sana. Dada Afisa Ustawi umegusa penyewe: mama ameanza kupokea ujumbe wa simu kutoka kwa shangazi wa mtuhumiwa, akiahidiwa fedha ili "yaishe nyumbani", na ameambiwa kwamba hata Serikali yenyewe siku hizi inaruhusu makubaliano. Je, ni kweli? Halafu kadi ya kliniki ya mtoto imepotea, na cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuchukuliwa.

Wakili wa Mikoani

Si kweli kwa kesi hii. Makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa kwenye sheria mwaka 2019, lakini sheria hiyohiyo imeyakataza kwa makosa ya kujamiiana ambayo adhabu yake inazidi miaka mitano au ambayo mwathirika wake yuko chini ya miaka 18. Na familia haina mamlaka ya kuifuta kesi ya jinai. Mwenye mashtaka ni Jamhuri.

Ujumbe huo usifutwe. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu, kwa sababu tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 mahakama hutazama taarifa ilihifadhiwaje na nani aliitunza. Mama aipeleke simu yenyewe kwa mpelelezi, aandikiwe maelezo, na apewe hati ya kuonyesha imepokelewa. Kuhusu umri, mama ataje tarehe na mahali alipojifungulia, na mwalimu mkuu atoe rejista ya uandikishaji. Kabla hamjaikabidhi, hakikisheni mwaka uliomo ndio anaousema mama. Ukitofautiana, msisahihishe chochote, mwambieni mpelelezi mapema ili wakili aujue kabla ya kuandaa hati ya mashtaka.