Tupeane uzoefu: umekodi gari ukiwa safarini, ilikuwaje?

Msafiri Mzembe (mtoa mada)
Wakuu kwema? Naomba tupeane uzoefu wa kukodi gari ukiwa ugenini, hasa yale mambo unayokuja kuyajua ukiwa umeshatia saini na funguo unayo mkononi. Naanza mwenyewe maana mi ndo nina kidonda kibichi.

Nimerudi safari wiki iliyopita. Gari nilikaa nayo siku 5, haikunisumbua hata kidogo, nimeirudisha tenki limejaa, kijana aliyeipokea akaizunguka akasema "iko poa boss", nikampa funguo tukaagana vizuri tu. Siku ya tatu inaingia imeili, rimu ya nyuma kushoto ina mikwaruzo, picha mbili hizo hapo na hesabu chini yake, na hela wataikata kwenye ile amana waliyoizuia kwenye kadi. Sasa mimi ukingo wa barabara sijaugusa popote, naapa. Ila nikiwa mkweli, siku naichukua giza lilikuwa linaingia, wife kachoka, mtoto analia, naambiwa "zunguka uangalie kama kuna kitu" basi nikazunguka kama mtu anayetafuta ndala yake. Video nilichukua lakini ya mbio mbio.

Nani yamemkuta? Leteni na ya kwenu, mazuri na mabaya.

Kobe Barabarani
Pole mkuu. Mi yangu ilianzia kaunta hata gari sijaiona. Nimelipia kila kitu mtandaoni nikiwa nyumbani, nafika pale natoa kadi yangu ya debiti, dada ananiambia kwa upole kabisa kwamba amana wanazuia kwenye kadi ya krediti tu, tena iwe na jina la dereva mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa nayo ya krediti, nikasema basi tumalize hapo, tumia ya huyu. Haiwezekani, jina sio langu. Haya basi mwandike yeye awe dereva. Leseni yake ina miezi 7, wao wanataka mtu mwenye leseni kuanzia mwaka 1. Daah nyuma yetu foleni imefika mlangoni watu wanahema kwa hasira.

Mwisho wakasema debiti watakubali kama nitanunua bima yao kubwa kabisa. Nikanunua, ningefanyaje. Ile bima kwa siku zote ikakaribia kuifikia kodi ya gari yenyewe, ndo nikajua kwa nini ile bei ya mtandaoni ilikuwa tamu vile.

Msafiri Mzembe
@Kobe na amana ilirudi lini?

Kobe Barabarani
Wiki mbili na ushee. Wao wanasema wameiachia siku ile ile, benki wanasema bado hawajaona kitu. Na kwa debiti hiyo ni hela yako ya kula imefungiwa, sio kama krediti ambapo wanabana tu nafasi ya kukopa. Safari nzima nilikuwa nahesabu chenji.

Bibi Ramani
Hahaha nyie mna afadhali. Mimi nilitia petroli kwenye gari ya dizeli.

Msinicheke, nisikilizeni. Nyumbani gari zangu zote tangu nijue kuendesha ni petroli kwahiyo mkono umeshazoea wenyewe, nikasimama kituoni nikashika pampu niliyoizoea nikaanza kumimina huku naongea na dada yangu kwenye simu, tenki likafika kama nusu hivi ndo macho yakatua kwenye kile kistika cha ndani ya kifuniko, kimeandikwa DIZELI herufi kubwa kabisa, mwili wote ukafa ganzi. Ingekuwa kinyume chake ningestuka mapema maana mdomo wa pampu ya dizeli kwa kawaida ni mnene, kwenye tundu la gari ya petroli haupiti vizuri, ila huu wa petroli unateleza ndani kama uko kwao.

Kilichoniokoa ni kwamba sikuwasha. Wala kugeuza funguo sikugeuza. Kuna mzee alikuwa anajaza pembeni akaniona nimeganda akaja, akasema mama usiiguse kabisa, tuisukume. Tukaisukuma pembeni mimi na yeye na kijana wa kituo, nikapiga namba ya dharura iliyoko kwenye mkataba, akaja fundi akanyonya tenki lote. Fundi akanielewesha, kwenye injini ya dizeli yale mafuta yenyewe ndo yanailainisha pampu, sasa ukipitisha petroli vyuma vinasagana vikavu na unga wake unaenda mpaka kwenye nozeli, hapo unalipia mfumo mzima. Na bima? Nilisoma mkataba usiku ule kwa mara ya kwanza, kosa la mafuta halimo. Nikalipa fundi, nikalipa tenki jipya, nikanyamaza.

Siku hizi nikipewa gari ya kukodi naandika aina ya mafuta kwenye kipande cha karatasi nakibandika kwenye usukani. Watoto wangu wananicheka mpaka leo.

dogo wa spidi
Bibi umenimaliza 😂😂 kumbe kunyamaza kupo

Aliyekaa Kaunta
Ngoja niseme kidogo maana nimefanya kazi upande wa pili wa ile kaunta miaka 4, na sio wote kule ni wezi japo naelewa kwa nini mnadhani hivo.

Kwanza ile inayokuja ndani ya bei, watu wanaiita bima lakini mara nyingi sio bima. Ni kampuni inakuahidi kwamba gari ikiumia haitakudai zaidi ya kiasi fulani, hicho kiasi chako unakibeba mwenyewe na ndo maana amana huwa inakaribia hapo hapo. Alafu kuna vitu kwenye mikataba mingi vinaachwa nje: matairi, rimu, vioo, chini ya gari, paa, funguo ikipotea. Ukiangalia utaona ndo vitu vinavyoumia kirahisi kuliko vyote. Yule wa kaunta anakuuzia ya ziada ya kuziba hayo matundu, na ndio, sisi tulikuwa na kamisheni, kwahiyo mtu akikuuliza mara tatu kama una uhakika, sio kwamba anakupenda. Kuna watu wananunua hiyo ya ziada mapema kwa kampuni nyingine ya bima, bei inakuwa chini sana, tatizo lake ni kwamba ajali ikitokea unakatwa kwanza alafu ndo unaenda kudai kwa hao wengine, na amana kaunta unawekewa kama kawaida.

Sasa @Msafiri Mzembe, usibishane nao kwa maneno. Waandikie imeili uombe vitu vinne: fomu ya makabidhiano ya siku unachukua, picha za gari ilipotoka mikononi mwa mteja aliyekutangulia zikiwa na tarehe na saa, picha za siku umerudisha, na risiti ya fundi, sio makadirio. Hicho cha pili ndo kinawashinda. Gari ikirudi asubuhi na kutoka mchana, mara nyingi kinachofanyika katikati ni kufutwa na kunyunyiziwa marashi tu. Alafu irudie ile video yako, ila usiangalie kwenye simu, iweke kwenye skrini kubwa uisimamishe pole pole.

Msafiri Mzembe
Mkuu asante sana, ngoja nifanye hivo jioni.

Mama wa Pacha
Mimi sikukatwa chochote ila niliaibika. Nimekodi nchi ambayo wanaendesha upande tofauti na niliozoea, usukani nao uko upande mwingine, na kwenye ile gari kijiti cha indiketa na cha waipa vimebadilishana nafasi. Jua kali hakuna hata wingu, kila nikitaka kukata kona naosha kioo. Madereva wa nyuma wanaona waipa zinacheza tu wanashangaa huyu anamfuta nani. Barabara kubwa hazina shida, unafuata wenzio, hatari yake ni ukitoka kituo cha mafuta au maegeshoni asubuhi barabara tupu hakuna gari ya kuifuata, hapo mikono inakurudisha kwenu. Mume wangu kazi yake ikawa moja, nikiwasha gari anasema kwa sauti "dereva katikati ya barabara" maana upande wowote mnaoendesha, dereva ndo anakuwa karibu na mstari wa kati. Siku ya tatu nilimwambia anyamaze, siku hiyo hiyo mchana nikaingia upande sio. Akaanza tena.

dogo wa spidi
Mi fupi. Kamera zilinipiga sijui. Miezi miwili baadaye kampuni inakata hela, nauliza nini hii, wanasema hiyo ni ada ya kuwapa serikali jina lako tu, faini yenyewe inakuja kwa posta. Ikaja kweli. Alafu ikaja nyingine.

Kobe Barabarani
@dogo jina lako linajieleza mzee 😂

Upepo wa Jioni
Tuwe wakweli na mazuri yapo. Mimi gari ilinizimikia njiani saa 2 usiku, nikapiga simu, ndani ya saa moja na nusu wameniletea nyingine kubwa kuliko ile, na hawakuniongezea hata senti. Nilichokosea mimi, safari nyingine, ni kibali cha kimataifa cha udereva. Nilikuwa nacho, nikaringa nacho, kumbe vipo vya aina zaidi ya moja, kuna cha mkataba wa barabarani wa Geneva wa 1949 ambacho ni cha mwaka 1, na cha Vienna wa 1968 ambacho kinaweza kufika miaka 3, na kuna nchi kama Japani zinatambua hicho cha 1949 tu. Changu kilikuwa cha pili. Gari nikakosa, nikapanda treni, kwa kweli nikafaidi usingizi.

Na mpaka wa nchi usivuke bila barua yao ya ruhusa, hilo hata sielezi.

Bibi Ramani
Na kabla ya kurudisha futeni simu zenu kwenye redio ya gari. Nilipewa gari ina majina yote ya mteja wa kabla yangu, mpaka "Mpenzi Usipokee".

Aliyekaa Kaunta
Bibi tulikuwa tunasoma hayo kila siku 😂

Msafiri Mzembe
Wakuu mrejesho. Video nimeiweka kwenye kompyuta. Nimezunguka gari vizuri tu, bampa, milango, taa, nimefika nyuma kushoto... mtoto analia, kamera inamgeukia mtoto. Sekunde 9 nzima ni uso wa mtoto na makamasi. Ikirudi kwenye gari nimeshapita ile rimu, nipo mlangoni. Wife kacheka mpaka kakaa chini.

Basi nikawaandikia vile vitu vinne kama alivyosema mkuu wa kaunta, bila tusi bila nini. Siku 6 kimya. Leo wamejibu mstari mmoja, "tumefunga suala hili, hutadaiwa." Picha za mteja aliyepita hawajatuma na samahani hakuna.

Amana bado haijarudi. Benki wanasema hawajaona kitu.

Kobe Barabarani
Karibu chamani.