Kikundi: Makipa wa Jumamosi

Katibu (1:12 asubuhi): Assalaam alaykum. Jumamosi saa 10 jioni ni somo la makipa, tunamchambua David James, kipa wa zamani wa England. Nataka mipira 6, koni 4 na mpiga krosi. Nijibuni kabla ya saa 6 mchana.

Katibu (4:40): Watu 31 mmeona. Hata kidole gumba hakuna.

Mama Nasri (4:52): Kwa nini James? Tunafundisha kudaka au kudondosha?

Katibu: Mama Nasri, mechi 169 za Ligi Kuu ya England bila kufungwa. Anayemzidi ni kipa Petr Čech tu, ana 202. Penalti 13 kapangua. Timu ya taifa mechi 53.

Chuma: Na Vienna 2004 je? England na Austria 2-2, shuti la Ivanschitz wa Austria likampita chini ya tumbo mchana kweupe 😂

Baba Zuu: Hapo ndipo somo lilipo. Kipa mrefu ana safari ndefu kwenda chini. Goti moja lishuke kuziba pengo la miguu, viganja vitangulie, kifua kije nyuma yake. Kiwiliwili kikitangulia mikono, mpira unapita kwapani. Kila mtoto apewe 10 kulia, 10 kushoto, kutoka hatua 8. Mwanzo uviringishwe kwa mkono, mashuti baadaye. Wakianza na mashuti wanafumba macho.

Katibu: 👏 Sasa nani anabeba koni?

Chuma: Na somo la ushambuliaji? Mei 2005, Manchester City na Middlesbrough, Pearce, kocha wa City, kamtoa kiungo Reyna, kaingiza kipa Weaver, James kapelekwa mbele! Macken, mshambuliaji halali, yuko benchi anatazama.

Shangazi Tumu: 😂😂 Na jezi yake ya mchezaji wa ndani ilikuwa tayari, namba 1!

Chuma: Kakimbia kama kabati. 1-1, na penalti ya mwisho Fowler kakosa.

Katibu: JAMANI. Koni. Mipira.

Mama Nasri: Mipira ipi? Ile 4 iliyokwenda kwenye bonanza ikarudi 2? Aliyebaki nayo yumo humu.

Baba Zuu: Tusianze.

Mama Nasri: Sianzi. Naendelea.

(8:05 mchana)

Katibu: Mzee Mwinyi, shikamoo. Tunaomba neno lako.

Mzee Mwinyi (10:31): Marahaba. Nimesoma yote. Yule kijana mikono alikuwa nayo. Kilichomponza ni krosi alizozitokea nusu. Kipa akisita njiani, langoni hayupo na mpirani hajafika. Wafundisheni hivi: aite jina lake kwa sauti kabla hajaruka, mguu mmoja usukume chini, goti la pili lipande kumkinga, mpira audake mbele ya paji la uso, mikono ikiwa imenyooka. Msongamano ukiwa mkubwa, apige ngumi mbili, juu na pembeni, asipige katikati. Akishaamua kubaki, abaki. Na mipira irudi kabla ya Jumamosi.

(11:48 jioni)

Jirani wa Kona: Sawa mzee. Ninayo. Mmoja unavuja kwenye valvu.

Mama Nasri: 🙂

Shangazi Tumu: Mimi nataka tumalizie na ukocha wake. Watoto wajue kipa akizeeka haishii kuuza jezi.

Baba Zuu: Kwa ufupi basi. Akiwa Portsmouth, James alitwaa Kombe la FA 2008, 1-0 na Cardiff. Mwenzake wa pale, Hermann Hreiðarsson, alipokuwa kocha wa ÍBV huko Iceland, 2013 akamchukua awe kipa na msaidizi wake. 2014 akaenda India, Kerala Blasters, kocha na mchezaji kwa pamoja. Wakafika fainali, wakafungwa 1-0 na Kolkata dakika za nyongeza. Akarudi Januari 2018 baada ya kocha Meulensteen kuondoka, Desemba ileile wakaachana.

Chuma: Kocha aliye langoni anaona uwanja wote ila benchi lake. Ubadilishaji unaamuliwa na nani?

Baba Zuu: Msaidizi mwenye masikio. Mbinu zinapangwa kabla ya mechi, wakiwa vyumbani.

Katibu: Dakika 10 tu za hilo. Saa 10 iko palepale?

Shangazi Tumu: Saa 10 na nusu, watu watoke msikitini kwanza.

Katibu: Nitaangalia. Krosi anapiga nani?

Chuma: Naweza za kushoto. Za kulia tafuteni mtu.